Kamera haitajua kwa nini Mwalimu alisimama kila saa 11 jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu baba yake. Alisema alikwenda kumwona kwenye makao ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau, akamkuta na alama za vidole juu ya kiwiko, shati limefungwa vifungo kombo, na kila mfanyakazi aliyemuuliza akamjibu kwamba yeye hakuwa zamu siku hiyo. Mwisho akataka kamera zifungwe kila chumba na wahudumu wakatili wafukuzwe.

Barua ile niliisoma asubuhi nikiwa nimetoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua. Mimi ni mhudumu wa wazee hao. Ni mwaka wa 11 sasa, na miaka 9 kati ya hiyo nimeifanya kwa kukesha. Sikukasirika. Nilimwona mtoto anayemwonea uchungu baba yake, nikaona anastahili kujibiwa na mtu wa ndani.

Kwanza nakubaliana naye. Alama za vidole kwenye mkono wa mzee huandikwa siku hiyo hiyo, familia hupigiwa simu siku hiyo hiyo, na aliyemshika hueleza alimshika kwa nini. Pasipofanyika hivyo pana kasoro kubwa. Na anayempiga mzee makusudi aondoke, sheria imfuate. Hapo sina ubishi hata chembe. Tunakoachana ni kwenye kamera.

Nitaeleza kwa mtu mmoja. Jina lake silitaji kwa kuwa familia yake ipo. Sote tulimwita Mwalimu, na akiitwa hivyo aliitika hata siku ambazo jina lake mwenyewe lilimpotea. Alifundisha zaidi ya miaka 30. Alipoletwa kwetu dimensia, yaani ule ugonjwa wa kusahau, ilikuwa imeshamla sana: mkewe hamjui, chumba chake hakijui, na shati kulifunga vifungo hawezi. Lakini ikifika saa 11 jioni lazima asimame. Ataondoka kitini, apite meza hadi meza akikusanya kila kilicho karatasi, magazeti, kadi za salamu za wenzake, tishu, anavipanga kifuani kama mtu aliyechelewa mahali. Ukimzuia anapandisha sauti. Ni hali tunayoiona kwa wengi. Jua likianza kuzama wanachafukwa, wanataka kwenda, na ukiwauliza kwenda wapi hawawezi kukueleza.

Kulikuwa na dada mmoja kazini, amenizidi umri, mkimya. Siku moja binti yake Mwalimu alipokuja, yule dada akamuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza: baba alikuwa akifanya nini saa hizi enzi za kazi? Binti akacheka kidogo, akasema, "Kusahihisha madaftari. Nyumba nzima tulikuwa tunanyamaza."

Basi yule dada akaleta madaftari matatu yaliyoandikwa hesabu, na kalamu nyekundu. Kila siku saa 10 na nusu anayaweka mezani pa dirishani na kuivuta taa karibu. Mwalimu anakuja, anaketi, anavuta kiti mbele, anaanza. Tiki zake nyingi hazikuangukia kwenye hesabu. Ziliangukia pembeni, nyingine mezani kabisa. Lakini chini ya ukurasa aliandika "Vizuri", na mkono ule ulioshindwa na kifungo cha shati uliliandika neno hilo kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi ya z ina mkia mrefu. Saa 12 na nusu anafunga daftari la mwisho, anampa yule dada mzigo wote na kumwambia, "Wagawie kesho asubuhi." Halafu anakwenda kula bila shida yoyote. Miezi 14 hatukuwahi kugombana naye jioni.

Yule dada aliacha kazi. Mgongo ulimsumbua, kila wiki alikuwa akiombwa kuunganisha zamu, akachoka. Aliondoka siku ya Ijumaa tukamkumbatia. Habari ya kalamu haikuandikwa mahali popote. Madaftari yaliwekwa juu ya kabati, na siku ukumbi uliposafishwa yakatupwa pamoja na magazeti ya zamani.

Zamu ya jioni wakapewa vijana wawili wapya. Saa 11 Mwalimu akasimama. Kijana mmoja, mpole tu, akamwambia, "Mzee, kaa utaanguka." Akasimama tena. Akakalishwa tena. Mara ya tatu kijana akamshika mkono juu ya kiwiko, pale pale, ndugu yangu, ambapo baba yako ana alama, na Mwalimu akamgonga mdomoni kwa kiwiko. Kwenye ripoti ikaandikwa: "Mkorofi, anapiga wahudumu." Haikufika mwezi akawa ameandikiwa dawa za kumtuliza.

Dawa zilifanya kazi. Saa 11 hakusimama tena. Nasema hili kwa uchungu: wote tulipumua, hata mimi. Alikaa kitini kidevu kimegota kifuani, mate yanamtoka, na tukawa tunasema siku hizi Mwalimu hana matata. Alfajiri moja akaamka kwenda msalani kwa miguu iliyolegea na usingizi wa dawa, akaanguka, nyonga ikavunjika. Alirudi kutoka hospitali hawezi kusimama. Hakumaliza nasi mwaka.

Dawa hizo ni zile za magonjwa ya akili. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka ziwe na onyo kwamba wazee wenye dimensia wanaozitumia wamo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka 2009, Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyokadiria kwamba watu 180,000 wenye dimensia walikuwa wakipewa dawa hizo kila mwaka nchini humo, na kwamba vifo vya ziada vilivyotokana nazo vilikuwa kama 1,800. Zipo hali zinazozihitaji, mzee anapokuwa hatari kwake na kwa wengine na kila njia imeshindikana, tena kwa muda mfupi na daktari akirudi kumtazama. Mwalimu hakuwa na hali hiyo. Alikosa madaftari.

Sasa turudi kwenye kamera. Ingekuwepo pale ukumbini ingenasa nini? Kijana anamshika mzee mkono. Mzee anampiga kijana. Basi. Kijana angefukuzwa, na jioni ya pili angekuja mwingine, naye asijue habari ya kalamu nyekundu, naye amshike mkono.

Mtu asiye na ugonjwa huu akihamia mahali pageni anajieleza: mimi nalala taa ikiwaka, mimi sipendi kuguswa kichwani. Mgonjwa wa dimensia hawezi. Anachohitaji kimebaki kwa watu waliomzunguka, na sehemu kubwa kimebaki kwa mhudumu anayemwosha kila siku. Mhudumu huyo akiondoka, mzee amepotewa na kumbukumbu kwa mara ya pili, na safari hii si kwa ugonjwa. Ndiyo maana sikubali watu wanapozungumzia hali ya wazee kama jambo moja na hali ya wafanyakazi kama jambo jingine, la kwanza likiwa la huruma na la pili la chama cha wafanyakazi. Aliyevunjika nyonga ni Mwalimu, lakini kilichoanza kuvunjika ni mgongo wa yule dada.

Na mimi ninalo langu ambalo kamera ingelinasa. Sijawahi kulisema nje ya kazi.

Tulikuwa na bibi aliyemtafuta mama yake. Umri wake ulipita miaka 80. Usiku ukiingia anaanza: "Mama yangu yuko wapi? Mbona haji kunichukua?" La kufanya nilikuwa nalijua. Nimefundishwa na nimewafundisha wengine: usimsahihishe, keti naye, muulize mama alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa akimwitaje, alikuwa akiimba nini. Akianza kusimulia hofu inashuka, kwa sababu mara nyingi anachotafuta ni ule usalama aliokuwa nao kwa mama. Usiku ule nilikuwa nimeunganisha zamu, mwenzetu mmoja hakutokea, tukabaki wawili kwa wazee 31. Aliponiuliza mara ya kwanza nilimjibu vizuri. Mara ya kumi pia. Sijui ilikuwa mara ya ngapi nilipogeuka mlangoni, mashuka machafu yamejaa mikononi, nikamwambia: "Bibi, mama yako alishakufa zamani."

Aliniangalia. Akaketi kitandani polepole, akashika ukingo wa godoro kwa mikono miwili, akalia kilio cha mtu aliyepewa habari ya msiba dakika hiyo. Kwake ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia. Nilitupa mashuka chini nikamshika. Baada ya nusu saa alishasahau nilichomwambia, lakini machozi hayakukoma, na karibu na alfajiri alinivuta kidole akaniuliza, "Kuna nini? Mbona nina huzuni?"

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwahi kulipima jambo hili wakachapisha mwaka 2014. Waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya dimensia, filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye wengi walikuwa hawakumbuki walichoona, ila hisia zilikuwa bado zimo. Mimi sikuhitaji kusoma utafiti. Nilimshika mkono hadi saa 1 asubuhi.

Usiku ule sikupungukiwa maarifa. Nguvu ndizo zilizokwisha, na maarifa bila nguvu hayakufiki mdomoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazi katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, likasema unatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na kwamba una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona hafai tena kwa kazi anayoifanya. Hiyo ya pili ndiyo niiogopayo. Naijua inavyoanza. Inaanza siku unapojisikia ukisema, "Yule wa 14 amejichafua tena." Mtu amekuwa namba ya chumba. Nikijisikia hivyo najua nimeshapita mpaka wangu, na najua wazee wameshaanza kuonja.

Nimeng'atwa, nimetemewa mate, nimetukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Sina kinyongo na wazee. Anayeng'ata ni mtu aliyeogopa, hajui kwa nini mgeni anamvua nguo. Lakini ngozi inauma vile vile. Kwa miaka mingi baada ya tukio kama hilo swali lilikuwa moja: "Umejaza fomu?" Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, msimamizi mpya aliniuliza, "Umeumia? Kaa dakika tano, mimi nitasimama hapa." Dakika tano zile hazikugharimu kitu. Nilirudi kwa yule yule mzee nikamalizia kumvisha, na sote wawili tulikuwa watulivu.

Kwenye mafunzo nilisoma habari za Mwingereza Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Bradford aliyefariki mwaka 1998. Alikaa kwenye kumbi kama zetu akaorodhesha mambo yanayomwondolea mzee utu wake: kumharakisha, kumdanganya, kumfanya mtoto, kuzungumza juu yake kana kwamba hayupo. Niliposoma nilijifunika uso, maana yote nimeyafanya. Ila alisema jambo lililonipa moyo, kwamba mara nyingi wafanyao hivyo hawana ubaya. Ni watu wema walioingia katika mazoea ya kazi iliyopangwa vibaya. Huyo na mwenzake Kathleen Bredin ndio walioanzisha njia ya kutazama ambayo ningependa msomaji mwenzangu aijue kabla ya kununua kamera. Mtazamaji aliyefundishwa huketi ukumbini kwa saa kadhaa, na kila baada ya dakika 5 anaandika mzee fulani anafanya nini na anaonekana ana hali gani. Kisha hukaa na wahudumu kuwaonyesha: mnaona, kuanzia saa 4 hadi saa 6 hakuna aliyemsemesha mama huyu isipokuwa kumwambia fungua mdomo. Mnaona, alipopewa taulo kukunja, uso wake ulibadilika.

Tulifanyiwa hivyo mara moja. Iliuma, na ilitubadilisha. Kamera hungoja kosa litokee ipate mkosaji. Yule mtu na karatasi yake alituonyesha saa mbili tupu ambazo hakuna aliyetenda kosa lolote, na mzee akateseka ndani yake.

Niseme pia juu ya maumivu, kwa sababu hapo ndipo kujuana kunapookoa. Mama mmoja alianza kugoma kula. Kijiko kikimkaribia anageuza uso, ukisisitiza anakupiga kofi. Wahudumu wageni waliandika "anakataa chakula", na mtu alishaanza kusema labda ndiyo hatua ya mwisho ya ugonjwa. Mwenzangu aliyemwosha miaka miwili akaona kitu: mama huyu siku zote hulalia shavu la kulia, na sasa analalia la kushoto. Akachukua tochi akamtazama mdomoni. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, fizi imevimba. Lilipong'olewa, haikupita wiki akawa anakula. Kipo kipimo kizuri kilichotungwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya wagonjwa wa dimensia wasioweza kusema wanaumwa. Kinaangalia mambo 5, yaani pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anatulizika, kila moja alama 0 hadi 2. Ni ukurasa mmoja tu na kila makao yawe nacho. Lakini hakuna kipimo kitakachokuambia shavu limebadilika kama hukulijua lilivyokuwa.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni ya kawaida sana. Mzee ahudumiwe na nyuso zile zile kadiri iwezekanavyo, mhudumu asihamishwe sehemu moja ya makao hadi nyingine kila wiki kuziba pengo. Kule Weesp, Uholanzi, kuna makao ya De Hogeweyk yaliyofunguliwa mwaka 2009 kama kijiji, na wazee wanaishi katika nyumba za watu 6 au 7. Watu husifu mitaa yake na bustani zake. Mimi nilipoona picha sikuangalia bustani. Niliangalia ile idadi, nikafikiri kwamba mhudumu wa nyumba ile anaweza kuwajua wote hadi shavu wanalolalia.

Na makabidhiano ya zamu. Hili likipuuzwa, mengine yote ni maneno. Zamani kwetu anayetoka anakimbilia usafiri, anayeingia anakuta daftari limefungwa na kengele tatu zinalia. Sasa tunalipwa dakika 20 za kupishana, wanaotoka na wanaoingia wakiwa pamoja. Daftari lenyewe tumelibadilisha. Upande mmoja ni yale ya siku zote: dawa, choo, amekula kiasi gani, amegeuzwa saa ngapi. Upande wa pili una swali moja, "Leo kilimtuliza nini?" Mwanzoni watu waliacha wazi. Siku hizi naingia nakuta: "Chumba 8, mwimbie, hata vibaya." "Chumba 21, anza na mkono wa kushoto, wa kulia unamuuma na hasemi." "Chumba 3, usimwambie tunaenda kuoga, mwambie maji yamepata moto."

Novemba 1901, huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer aliketi na mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, akamuuliza jina lake. "Auguste." Jina la ukoo? "Auguste." Jina la mumeo? Akafikiri, akajibu: Auguste, nadhani. Daktari akayaandika majibu yale kama yalivyotoka. Mama yule alifariki mwaka 1906, na kisa chake ndicho kilichoupa ugonjwa wa Alzheimer jina la daktari huyo. Tiba hakuwa nayo. Hata leo kinachouponya hakipo. Lakini alikaa, akauliza, akaandika, na mimi nikilifungua daftari letu saa 1 usiku humkumbuka yule mama na maswali aliyoulizwa.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa wa makao huona aibu kulizungumza, nalo ni msiba wetu. Mtu umemwosha uso miaka minne. Anafariki saa 9 usiku mkono wake ukiwa kwenye wako. Saa 3 asubuhi unaambiwa toa mashuka, chumba kina mtu mchana. Huruhusiwi kulia kwa kuwa wewe si ndugu. Mwili ulikuwa ukitolewa mlango wa nyuma, karibu na chumba cha kufulia, ili wazee wengine wasione. Kana kwamba hawaoni kiti kitupu! Wanaona. Wanazunguka ukumbini siku nzima wakitafuta kitu wasichokijua jina. Tuliomba jambo moja, likakubaliwa: anayeondoka atoke mlango wa mbele, na kila awezaye kusimama asimame, wazee kwa wahudumu, wapishi na walinzi. Haichukui dakika mbili. Tangu tuanze, nimewaona wazee waliokuwa hawasemi wiki nzima wakiinua mkono kuaga. Na nimewaona wahudumu wawili waliokuwa wameandika barua za kuacha kazi wakizirudisha. Sidai kwamba ni kwa sababu hiyo tu. Walisema lakini kwamba sasa wanaweza kumaliza.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu wenye dimensia duniani walikuwa milioni 57, na kila mwaka wanaongezeka karibu milioni 10 wapya. Sehemu kubwa wanatunzwa nyumbani, na wenye mzigo huo wengi ni wanawake, bila mshahara. Wale wanaofika kwetu hufika familia ikiwa imeshakata tamaa. Kwa hiyo naelewa kabisa mtu anapomkabidhi baba yake halafu anamkuta na alama mkononi anavyojisikia. Amejilaumu tayari kabla hajafika mlangoni.

Ndugu yangu uliyeandika, barua yako ilitueleza mkono wa baba yako lakini haikutuambia ni mtu gani. Rudi pale. Dai maelezo ya alama zile kwa maandishi, usikubali "sikuwa zamu". Uliza wahudumu wangapi wapo usiku, na kwa wazee wangapi. Uliza ni nani anayemwosha baba, na amemwosha kwa muda gani. Jibu likiwa "inategemea", hapo ndipo pa kuanzia kupiga kelele, na sisi tutapiga pamoja nawe. Kisha chukua karatasi, uandike kwa mkono wako baba alikuwa akifanya kazi gani, aliamka saa ngapi, anaogopa nini, anapenda kuitwaje, saa 11 jioni alikuwa wapi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, kwa kuwa mhudumu hulifungua kila asubuhi. Mtafute wa zamu ya jioni umsomee. Na yeye muulize jina lake, na kama amekaa chini tangu zamu ianze.

Mhudumu, zamu ya usiku

(Jina langu unalo, Mhariri. Naomba lisichapishwe, kwa ajili ya wazee na familia zao.)